Baba wa Mtoto Mkimbizi ni Nani?



Katika ukurasa huu tunataka kutazama pamoja swali moja ambalo wengi kati yetu wanalo ndani ya nyumba, lakini ni wachache wanaolisema kwa sauti. Mtoto aliyekimbia vita pamoja na mama yake, akakulia katika nchi ya wengine bila baba, anadai nini? Anamdai nani? Na sisi wakubwa, tunayo haki ya kumnyima jibu pale anapouliza, «Baba yangu yuko wapi?»

Swali hili si la nyumba moja. Mwaka 1996, vita ilipowaka Kivu ya Kusini, watu wa Uvira, Fizi na Baraka walivuka Ziwa Tanganyika kwa mitumbwi na maboti mpaka Kigoma. Mwaka huohuo kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa katika wilaya ya Kasulu. Desemba 2000, Pweto ilipoanguka, wengine waliingia Zambia wakapelekwa kambi za Mwange na Kala. Na mwezi wa Februari 2025, makumi ya maelfu walivuka mto Ruzizi kuingia Burundi, na wengi walilala kwanza katika uwanja wa mpira wa Rugombo, chini ya mvua, kabla ya kupelekwa Musenyi. Mtoto aliyebebwa mgongoni mwaka 1996 leo ni mtu mzima mwenye watoto wake. Kwa hiyo swali limekwisha kupita kizazi kimoja na kuingia katika cha pili. Yule aliyekosa jibu ndiye anayeulizwa sasa.

Tuanze kwa kutenganisha mambo, kwani baba hakosekani kwa njia moja. Kwanza yuko baba aliyekufa, na watu waliouona mwili wake wapo. Pili yuko baba aliyepotea njiani; risasi zililia, kila mtu akashika njia yake, na tangu siku ile hakuna habari. Tatu yuko baba aliye hai na anayejulikana alipo, ila hakuja: alibaki kulinda shamba, au alichukuliwa jeshini, au alienda kutafuta pesa katika machimbo akaoa mke mwingine huko. Nne, na hapa tuseme polepole, yuko mtoto aliyezaliwa kwa sababu mama yake alishikwa kwa nguvu na watu wenye silaha. Mambo haya manne hayafanani hata kidogo. Lakini mtoto anapoandikishwa shuleni katika nchi mpya, fishi ina mstari mmoja tu: jina la baba. Mama anasimama mbele ya mezani na kalamu mkononi, na nyuma yake watu wanangoja.

Sasa tuulize: baba ni nini hasa? Tusipojua hilo, hatuwezi kujua mtoto huyu amekosa nini, wala nani anaweza kumpatia.

Wengine watasema baba ni damu. Ni kweli mtoto hatoki hewani. Lakini kama damu peke yake ingetosha, basi mtu aliyezaa akatoroka angekuwa baba kamili sawa na yule aliyekesha na mtoto wakati wa surua. Hakuna kijiji ninachokijua kinachohesabu hivyo. Hata watu wasiosoma husema juu ya mtu kama huyo: amezaa, lakini hajalea.

Wengine watasema baba ni yule anayeleta chakula. Neno hili linaonekana la maana, kwani wanaume wengi hujivunia hilo. Lakini tazama kambini. Unga, maharagwe na mafuta vinatoka PAM, vinapimwa kwa karte ya familia, na mara nyingi karte hiyo imeandikwa jina la mama. Shitingi ya nyumba inatoka HCR. Kama chakula na paa ndivyo vinavyofanya baba, basi mashirika hayo mawili yangekuwa baba wa mamia ya maelfu ya watoto. Hakuna mtoto aliyewahi kuita gunia la unga baba. Na hapa tunajifunza pia jambo chungu: wanaume wengi waliofika kambini wakiwa hai, pamoja na watoto wao, waliona kwamba kazi yao ya kuleta chakula imechukuliwa, wakadhani ubaba wao umekwisha. Wakaanza kunywa. Wakawa wapo na hawapo. Kwa hiyo mtoto anaweza kukosa baba hata baba akiwa amelala katika chumba cha pili.

Kinachobaki ni nini? Mimi nasema baba ni mtu anayejibu kwa ajili ya mtoto. Mtoto akifanya kosa, yuko wa kuitwa. Akionewa, yuko wa kusimama. Akiuliza ametoka wapi, yuko wa kumweleza: babu yako alikuwa huyu, alivuka mto huu, alilima pale, jina ulilo nalo lilikuwa la fulani. Damu hufungua mlango wa wajibu huo, na chakula ni tunda lake moja. Lakini wajibu wenyewe ni kujibu.

Kama ni hivyo, basi mtu mwingine anaweza kuuchukua. Na wazee wetu walijua hilo zamani. Kwetu ndugu ya baba haitwi kwa jina la mbali. Anaitwa baba mkubwa au baba mdogo. Neno lenyewe lilikuwa akiba iliyowekwa kabla ya njaa. Mtu alipokufa, mtoto alikuwa na baba wengine tayari, wala hakuhitaji kuwatafuta. Sheria ya nchi yetu nayo ilifuata wazo hilo. Kodi ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987 inasema wazi kwamba kila mtoto Mkongo lazima awe na baba. Na kwa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, ambaye ubaba wake haukuweza kuthibitishwa, korti inaweza kumweka baba wa kisheria kutoka katika jamaa ya mama, au akikosekana, mtu ambaye mama mwenyewe anamtaja. Na mtu huyo anabeba wajibu wote wa baba. Fikirini jambo hili. Sheria haikusema: masikini, amekosa bahati. Ilisema: atafutwe mtu.

Lakini ukimbizi unavunja akiba hiyo. Baba mkubwa yuko Nakivale kule Uganda, baba mdogo alibaki Fizi, shangazi alipelekwa Marekani. Mwaka 2012 HCR na nchi zinazopokea wakimbizi walianza mpango wa kuhamisha Wakongo wapatao 50,000 kutoka nchi za jirani, na katika wale walioondoka walikuwemo wanawake wengi waliobaki peke yao na watoto. Mama huyo anashuka katika uwanja wa ndege wa baridi akiwa na watoto wanne na mfuko mmoja. Hapo ndipo swali linapomwangukia mtu asiyestahili kulibeba, yaani mtoto mkubwa.

Tunaona mambo haya. Kijana wa miaka 12 amejifunza lugha ya nchi mpya haraka kuliko mama yake, kwa sababu yeye yuko shuleni. Basi anakuwa mdomo wa nyumba. Anasoma barua za serikali. Anaenda na mama hospitali, na daktari anamwambia mtoto habari za tumbo la mama yake ili amtafsirie. Anajua kodi ya nyumba ni kiasi gani na imebaki kiasi gani. Wageni wakija wanamsifu: «Huyu sasa ndiye baba wa nyumba!» Anacheka. Lakini usiku hana mtu wa kumjibia yeye. Akipigwa shuleni hasemi, kwa kuwa hataki kumwongezea mama mzigo. Na dada yake naye anakuwa mama wa wadogo zake kabla hajamaliza kukua, na mara nyingi anaolewa mapema ili apunguze midomo nyumbani.

Hapa nasema bila kuzungukazunguka: hilo si sifa, ni wizi. Mtoto kusaidia nyumbani ni jambo jema. Mtoto kugeuzwa kuwa mume wa nyumba ni kumwibia miaka ambayo hairudishwi. Vilevile tuangalie maneno yetu tunapomwambia mjane, «Wewe ni baba na mama.» Ni kweli amefanya kazi ya wawili, na anastahili heshima yetu yote. Lakini mara nyingi sisi wanaume tunayasema maneno hayo ili tuende nyumbani kwetu tukiwa na amani. Tunamsifu ili tusishike zamu.

Sasa tufike kwenye swali gumu zaidi, lile la ukweli. Mama wengi wanamwambia mtoto: «Baba yako amesafiri.» Au: «Atakuja mwaka ujao.» Wanafanya hivyo kwa upendo. Na wazee wengine wanawaunga mkono kwa sababu yenye uzito: mtoto akiambiwa kwamba baba yake aliuawa, na akiambiwa na nani, atakua na kisasi, atajiunga na kundi la silaha, vita itapata askari mpya. Tusiidharau sababu hiyo. Katika Kivu tumeona vijana walioingia msituni kwa sababu ya kaburi.

Lakini je, kunyamaza kumezuia? Mtoto hakosi habari kwa kuwa mama amenyamaza. Anazipata kwa wengine, na wengine wana mizani yao. Atazipata kambini kwa vijana wakubwa, au siku hizi katika simu, ambamo mtu asiyemjua atamwambia: kabila fulani ndilo lililomaliza watu wenu. Kwa hiyo hatuchagui kati ya mtoto kujua na mtoto kutojua. Tunachagua ataambiwa na nani: na mtu anayempenda, au na mtu anayemhitaji kwa vita yake. Tena siku atakapojua kwamba mama alimdanganya juu ya jambo hili, atajiuliza ni jambo gani lingine alilodanganywa. Hapo mama naye atapotea, naye akawa amebaki peke yake kweli.

Basi ukweli usemwe. Lakini kusema ukweli na kumkabidhi mtoto deni ni mambo mawili. Unaweza kumwambia: baba yako aliuawa na watu wenye silaha, siku fulani, mahali fulani; alikuwa mtu wa namna hii; alipenda hivi. Huna sababu ya kuongeza: nawe ndiwe utakayelipa. Waliofanya walikuwa watu wenye majina, wala si kabila zima, na hukumu yao si kazi ya mtoto. Tena ukweli una kipimo cha umri. Mtoto wa miaka 5 anaambiwa: baba alikufa, hakukuacha kwa kupenda. Wa miaka 15 anaweza kusikia zaidi. Mama mwenye busara hupima maneno kama anavyopima dawa.

Itakuwaje kwa yule aliyepotea? Hapa neno la kweli ni moja: hatujui. Ni neno gumu kuishi nalo, lakini tusilibadilishe na uongo wa upande huu wala wa upande ule. Mkimbiaji Lopez Lomong wa Sudan ya Kusini alitekwa na wapiganaji kanisani akiwa na miaka 6. Alitoroka, akafika Kakuma nchini Kenya, akaishi huko miaka 10, kisha mwaka 2001 akapelekwa Marekani. Wazazi wake walimhesabu amekufa wakafanya maziko yake. Naye aliamini kwamba wao wamekufa. Baadaye alipata habari kwamba mama yake yu hai, wakaonana tena. Na mwaka 2008 ndiye aliyebeba bendera ya Marekani katika michezo ya Olimpiki ya Beijing. Si kila hadithi inaisha hivyo, na tusiwape watoto tumaini la bure. Lakini inatufundisha tusimzike mtu ambaye hatujamwona. Msalaba Mwekundu una kazi ya kutafuta jamaa waliotengana na kupeleka barua zao kutoka nchi hadi nchi. Kuandikisha jina la baba pale ni kumwambia mtoto kwa matendo: hatujui, lakini tunauliza.

Kwa mtoto aliyezaliwa kwa kushikwa kwa nguvu, neno lake ni lingine tena. Siri hiyo kwanza ni ya mama. Hakuna shemasi, mchungaji wala jirani mwenye ruhusa ya kuitoa kinywani mwake. Kunyamaza si kudanganya, na mama anaweza kusema: «Habari hiyo nitakuambia siku nitakapoweza.» Lakini mtoto asisikie kamwe kwamba yeye ni mtoto wa adui. Alilofanya yule mtu ni kosa la yule mtu, nalo haliingii katika damu ya mtoto. Ni sisi wa jirani tunaoliingiza, kwa majina ya mzaha tunayomwita.

Tunajua pia kutoka historia ya nchi yetu kwamba baba asiyekuwepo anaweza kubaki baba. Septemba 1921 wakoloni walimkamata Simon Kimbangu. Alihukumiwa kufa, kisha hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha, akafungwa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mpaka alipokufa Oktoba 1951. Mwanawe mdogo, Joseph Diangienda, alikuwa na miaka 3 baba alipochukuliwa. Na familia nyingi za waliomfuata zilihamishwa kwa nguvu hadi mikoa ya mbali, watoto wakakulia kati ya watu ambao lugha yao hawakuijua. Kwa miaka 30 baba alikuwa nyuma ya ukuta. Lakini jina lake halikuzimwa nyumbani, na wana walijua ni wana wa nani. Jina linalosemwa hufanya kazi hata pale mkono usipofika.

Najua wako watakaosema: ndugu shemasi, Mungu ndiye baba wa yatima, yatosha. Nami nakiri hivyo. Lakini Mungu alipotaka mtoto Yesu avushwe usiku mpaka Misri, alimwamsha Yusufu, mtu ambaye mtoto huyo hakuwa wa damu yake. Yusufu aliamka. Hakujibu kwamba Mungu mwenyewe atamvusha.

Kwa hiyo neno langu kwa wanaume wa kila parokia, hapa na kule ugenini, ni hili. Tuhesabu watoto wa namna hii walio kati yetu, tuwajue kwa majina. Kwa kila mtoto atafutwe mtu mmoja wa kujibu, si kumi, kwani cha wengi mwisho hakina mwenyewe. Mtu huyo akubaliwe na mama, ajulikane na wazee, na mambo yake na mtoto yafanyike mbele ya watu, si chumbani kwa siri, kwa maana wako mbwamwitu wanaokuja kwa jina la ubaba. Aende shuleni direkta anapoita. Atafutiwe mtu mzima wa kutafsiri hospitali, mtoto abaki katika kalasi. Amfundishe lugha ya nyumbani na majina ya babu zake. Asijaribu kufuta jina la baba aliyemzaa ili kuweka lake, bali alitaje. Na asiahidi kitu asichoweza, kwani mtoto huyu amekwisha kuachwa mara moja. Akiachwa mara ya pili na mtu aliyejitolea mwenyewe, litakuwa jeraha baya kuliko la vita.

Je, kwa kufanya hivyo tutamrudishia baba yake? Hapana. Kuna siku, kama ya ndoa yake au ya kuzaliwa kwa mtoto wake, atatazama upande na kuona nafasi tupu, nasi hatutaweza kuijaza. Tusijidai. Lakini tofauti ni kubwa kati ya mtu mwenye nafasi tupu moja anayoijua jina lake, na mtu ambaye nyuma yake kote ni giza. Ile ya kwanza ni huzuni, na mtu anaweza kuishi nayo, akafanya kazi, akaoa, akalea. Hii ya pili ni sisi tunaoiongeza kwa ukimya wetu na kwa kukwepa zamu.

Mama unayesoma haya ukiwa Nyarugusu, Musenyi au mji wa mbali wenye theluji: kama leo mtoto akiuliza, na huna nguvu ya kusema yote, mwambie jina la baba yake tu. Siku nyingine mtaendelea.

Mungu awalinde.

Ndugu yenu, shemasi.